Inala: jimbo la uchaguzi au mali ya familia?

Mzee wa Durack
Ndugu zangu, naomba tujadili bila kuoneana haya jambo ambalo sisi wakazi wa kusini-magharibi mwa Brisbane, mji mkuu wa Queensland nchini Australia, tumelizoea mno. Tangu jimbo la uchaguzi la Inala lilipoundwa mwaka 1992 hadi Desemba 2023, liliwakilishwa katika Bunge la Queensland na watu wawili tu: Henry Palaszczuk, kisha binti yake Annastacia, aliyepokea kiti mwaka 2006. Hiyo ni miaka 31. Sikatai kwamba walichaguliwa. Ninachosema ni kwamba chama cha Labor, kikijua kuwa kiti hiki hakipotei, kilimaliza uchaguzi siku kilipompitisha mgombea, nasi tukabaki kupanga foleni kwa kuogopa faini ya asiyepiga kura. Watu wa Inala wamezoea kupewa: wamepewa nyumba na serikali, wakapewa mbunge pia. Je, ni haki kiti kutoka kwa baba kwenda kwa mwana?

Binti wa Uvira
Shikamoo, mzee wangu. Suala la ukoo nitawaachia wengine, kwa maana kilichonichoma ni neno hilo la kupewa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Brisbane ilikuwa na uhaba mkubwa wa makazi. Askari waliorudi kutoka vitani waliunda ushirika wakapata ardhi hapa, na ardhi hiyo ndiyo Tume ya Nyumba ya Queensland ilikuja kuinunua na kujenga mtaa mzima katika miaka ya 1950. Wapangaji wa nyumba hizo wanalipa kodi ya pango, hawakugawiwa bure. Wavietinamu waliofikia kambi ya wahamiaji ya Wacol baada ya vita vya kwao ndio waliofungua maduka ambayo leo watu wa Brisbane nzima wanayafuata Inala. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tuliwakuta wakifanya kazi, na tunafanya kazi. Anayesema tunapewa na ataje alichotupa.

Mhasibu wa Forest Lake
Dada, umejibu vizuri, ila unazungumza kana kwamba jimbo zima ni nyumba za serikali. Forest Lake, pamoja na ziwa lake la kuchimbwa, imejengwa na kampuni binafsi tangu miaka ya 1990, na wengi wetu tunalipa mikopo ya benki. Nasi tumo humo humo.

Kwa mzee: Henry Palaszczuk hakuanzia Inala. Alikuwa mbunge wa Archerfield tangu uchaguzi mdogo wa 1984, akahamia huku jimbo jipya lilipoundwa. Alikuwa mtoto wa familia ya Kipolandi iliyohamia Australia baada ya vita; kumfanya mfalme anayerithisha kiti ni kumwonea.

Mzee wa Durack
Marahaba, binti yangu. Sikuwatukana wapangaji, maana mimi mwenyewe nimelea watoto wangu katika nyumba ya serikali, na sitaki kufundishwa uchungu wa kodi ya pango. Mhasibu naye ananisahihisha mambo ya Archerfield ili asijibu swali. Nani mwingine alipata nafasi ya haki mwaka 2006?

Mwalimu wa Uraia
Mzee, mali ya familia haiponyoki mkononi. Mwaka 2012 Labor ilibakiwa na viti 7 kati ya 89, na Inala ilikuwa kimojawapo. Annastacia akapewa uongozi wa chama kilichobomoka, na mwaka 2015 akawa waziri mkuu wa Queensland. Hilo hakurithi kwa baba yake. Alipojiuzulu, uchaguzi mdogo wa Machi 2024 ulionyesha kura zikihama kutoka Labor kwenda chama pinzani cha Liberal National kwa zaidi ya pointi 20 za asilimia, huku watu wakilalamikia gharama za maisha na uhalifu wa vijana. Margie Nightingale wa Labor, asiye wa ukoo huo, aliponea hapo, na Oktoba mwaka huo akachaguliwa tena ingawa chama chake kiliondolewa madarakani. Wapiga kura wanaosukuma kiasi hicho hawafuati mazoea.

Binti wa Uvira
Mwalimu, nakushukuru, lakini takwimu zako zinamtetea mzee bila wewe kujua. Kama tulihama kwa wingi hivyo mara tu yule tuliyemjua alipoondoka, basi tulikuwa tukimpa kura mtu, na chama kilidhani tunakipa chenyewe. Mimi sina ugomvi na binti wa mbunge kugombea; nina ugomvi na kura za maoni za ndani ya chama zinazofanywa na watu wachache, katika jimbo ambalo Waaborijini, Wavietinamu, watu wa visiwa vya Pasifiki na Waafrika wanaishi mlango kwa mlango. Kwa karibu miaka tisa tulikuwa jimbo la waziri mkuu, na jirani yangu bado alikuwa kwenye orodha ya kusubiri nyumba.

Mhasibu wa Forest Lake
Orodha hiyo ni ya Queensland nzima, dada. Mbunge mmoja haifupishi.

Binti wa Uvira
Waziri mkuu si mbunge mmoja, kaka.