Shahada ya biashara au ufundi wa eisi: kijana wangu aende wapi?

Bint Mtambwe
Assalaam aleikum. Kijana wangu kamaliza kidato cha sita, kapata nafasi ya shahada ya utawala wa biashara Unguja. Babake keshawatangazia watu msikitini. Mwenyewe hataki, ataka kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji akasome friji na eisi, yaani viyoyozi. Dada yake ana shahada hiyo hiyo, yupo hapa Wete, Pemba, tunapika chapati za kuuza, vyeti vimelala juu ya kabati. Na sasa akili mnemba inaandika barua na kupiga hesabu. Shahada ina kazi tena huko mbele, au tunasomesha kwa heshima ya mtaa?

Karafuu Kavu
Usimharibie mtoto, dada. Serikalini bila cheti huingii hata mlangoni. Ufundi ataukuta tu.

Fundi wa Mashariki
Waaleikum salaam, bi mkubwa. Hilo la "ataukuta tu" ndilo linalotujazia mafundi wa kubahatisha.

Mimi natengeneza eisi za mahoteli huku Unguja, Paje mpaka Michamvi. Shahada ninayo, ya ualimu. Kule upepo wa bahari unakula mashine ya nje: isipooshwa kwa maji yasiyo na chumvi, vile vibati vyembamba ukivigusa vinamung'unyika kama unga. Hilo unaweza kufundishwa na mjomba wako. Gesi ya kupoza je? Zamani ilikuwa R22 tu. Sasa inaondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni, na mashine mpya nyingi zinakuja na R32, ambayo hushika moto. Anayechomelea bomba bila ya kuitoa gesi yote anajitafutia msiba. Na hizi za inveta, zinazojirekebisha kasi zenyewe, unasoma namba ya ubovu inayoonyeshwa na mashine, unafungua mchoro wa saketi, unapima kwa mita. Asiyesoma anabadilisha bodi nzima kumbe kimekufa kihisio kimoja, na mwenye hoteli analipa.

Kwa hiyo mwanao hakimbii skuli. Ulizeni jambo moja: kazi anayoitaka, nani atamdai karatasi? Daktari, muuguzi, wakili, hao sheria inawadai, akili mnemba iwepo isiwepo. Lakini utawala wa biashara, nani atakuzuia kufungua duka huna shahada? Hiyo atasomea baadaye akishakuwa na wateja, kwa pesa yake, bila ya mkopo wa Bodi ya Mikopo kumsubiri.

Yangu mimi inanifaa kuandika makadirio ya kazi ambayo meneja anayaelewa. Kuniajiri haikuniajiri.

Mwanachuo wa Tunguu
Ami, mbona IIT Madras, kile chuo cha teknolojia cha India, wamefungua Bweleo mwaka 2023, wanasomesha sayansi ya data na akili mnemba? Si shahada hizo?

Fundi wa Mashariki
Ni shahada, na mlango wake ni hesabu. Mwenye hesabu nzuri nitamwambia aende kesho asubuhi. Bi mkubwa, kijana hesabu vipi?

Bint Mtambwe
Kasoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), hesabu kaziacha kidato cha nne. Lakini Ramadhani friji ya jirani ilikuwa inanguruma tu haigandishi, akaifungua, akasema kapasita, kile kifaa cha kuwashia mota. Kweli ikawa kapasita.

Karafuu Kavu
Kubahatisha huko.

Fundi wa Mashariki
Kapasita hubahatishi, ndugu yangu, ama umeipima ama umeiona imevimba. Bi mkubwa, mwambie aanze kurudia fizikia yake ya kidato cha pili na cha tatu, umeme na joto, ataikuta huko huko Vitongoji. Akishajua kupima gesi mlete Paje msimu wa Disemba, joto kali na wageni wamejaa, mashine zinakufa kwa zamu. Nauli ya boti juu yangu. Na namba ya babake nitumie faraghani, nitazungumza naye mimi.

Bint Mtambwe
Nakutumia. Piga baada ya isha, kabla ya hapo yupo barazani na wale wale aliowatangazia.