Kuikosoa singo mpya ya bendi yetu si usaliti, acheni kutufukuza!

Wakuu, nimevumilia hadi nimechoka. Tangu singo mpya itoke, kila anayethubutu kusema haijamkaa vizuri anavamiwa. "Wewe si shabiki wa kweli." "Umekwama kwenye albamu ya kwanza." "Kama hupendi, pita hivi." Nipite hivi niende wapi? Hawa watu nawafuata tangu wanarekodi chumbani, sauti ya kiti ikisikika ndani ya wimbo. Nimenunua santuri zao wakati nyimbo zilezile zilikuwa bure mtandaoni, kwa sababu bendi isiyo na lebo kubwa nyuma yake huishi kwa mashabiki wanaotoa pesa mfukoni. Aliyeijua bendi wiki iliyopita ana haki ya kuusifu wimbo kwa nguvu zake zote, sina ugomvi naye. Na mimi nina haki ya kusema umeniumiza.

Kinachonichemsha zaidi ni hoja yetu kugeuzwa. Eti tunalia kwa kuwa gitaa limepungua na sintesaiza, yaani kinanda cha umeme, imeingia. Nani kalilia gitaa? Ile sintesaiza inayoingia kwenye ubeti wa pili ndiyo sehemu tamu kuliko zote humo ndani, na ningeitaka iongezwe. Bendi hubadilika. Arctic Monkeys, bendi ya roki ya Uingereza, mwaka 2018 waliweka magitaa pembeni wakatoa albamu iliyojaa piano, watu wakagawanyika vibaya, na bado ikashika namba moja Uingereza. Waliokaa nayo taratibu wengi wakaipenda. Mabadiliko hayanitishi hata kidogo.

Lalamiko langu ni hili: wimbo umekatwa. Waliohudhuria maonyesho yao kabla haujarekodiwa wanajua kwamba ulikuwa na daraja, yaani kile kipande kinachokuja mara moja tu, tofauti na beti na kiitikio. Baada ya kiitikio cha pili dramu zinanyamaza, besi inabaki peke yake, na yule mpiga besi ambaye huwa haimbi anaimba mistari minne inayogeuza maana ya wimbo mzima. Hadi hapo ulidhani mwimbaji ameachwa. Kwenye daraja ndipo unagundua kwamba yeye ndiye aliyeondoka. Ukumbi mzima ulikuwa unatulia pale. Kwenye singo hakuna. Kiitikio kinaingia kabla hujajua nani anazungumza na nani, kinarudi, kinarudi tena, halafu pwaa, dakika 2 na sekunde 11, kwisha. Umebaki wimbo wa kuachwa kama maelfu mengine, na wanaousikia kwa mara ya kwanza hawana namna ya kujua walichonyimwa.

Msije kunifundisha biashara, naijua. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, huhesabu wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30, kwa hiyo kila mtu anakimbilia kiitikio. Na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi mrabaha kule, jambo linalowabana wanamuziki wadogo kwelikweli. Lakini bendi yetu inavuka 1,000 kabla jua halijazama. Na hizo sekunde 30 zinahusu mwanzo wa wimbo. Daraja linakuja mwishoni, lingemzuia nani?

Halafu sauti yenyewe. Kila kitu kimekandamizwa kikawa juu muda wote, pumzi ya mwimbaji haisikiki, ubeti na kiitikio vinagonga kwa nguvu ileile. Hata faida haipo, maana Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida husawazisha nyimbo kwenye kiwango cha -14 LUFS, ambacho ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukikandamiza wimbo ili uwe mkubwa kuliko wa jirani, wanakushusha mlingane. Ukubwa unaupoteza, na yale mapanda-shuka uliyoyaua hayarudi. Vaeni spika za masikioni, sikilizeni singo hii, kisha sikilizeni wimbo wowote wa albamu ya pili, halafu mje tuzungumze.

Kuna mmoja kanijibu kwa majivuno kwamba hata Bob Dylan alizomewa alipopanda na gitaa la umeme kwenye tamasha la muziki wa folk la Newport, Marekani, mwaka 1965, na historia ikawaumbua waliomzomea. Sawa, twende kwenye historia. Wapo waliokuwepo wanaosema kelele nyingi zilihusu sauti mbovu na muda mfupi aliopiga. Pete Seeger, mwimbaji mkongwe wa folk ambaye alikasirika sana siku ile, alieleza baadaye kwamba kilichomuudhi ni sauti kuvurugika kiasi cha kutosikia maneno. Hasira zake hazikuwa za gitaa la umeme, alitaka kumsikia Dylan! Kwa hiyo mfano mnaonipiga nao unasimama upande wangu.

Na nyie mnaokubaliana na mimi, baadhi yenu mnatia aibu. Kumtukana prodyuza mpya, kumwandikia mpiga dramu kwamba afadhali aache muziki, huko ni kuwaumiza watu waliotupa nyimbo tunazozipenda. Siwataki kwenye uzi huu. Semeni kuhusu wimbo.

Ninachotaka ni kimoja: watoe toleo refu lenye daraja, lililochanganywa upya kwa utulivu. Hakuna bosi wa lebo wa kumwomba ruhusa, uamuzi uko mikononi mwao wenyewe. Mliokuwa mkiusikia ukumbini, waandikieni bendi kwa heshima mkaiombe ile mistari minne irudi. Na anayeona wimbo uko sawa bila daraja, aje hapa anieleze wimbo huu unamhusu nani.