Mama aona mwimo wa mlango umepinda: skani ya OCT ni ya nini?

Binti Mshona Kofia
Asalaam aleikum jamani. Mamangu ana miaka 71, ameshona kofia za viua tangu usichana wake hapa Mji wa Kale. Tangu Ramadhani akitunga uzi haoni tundu la sindano. Katikati kuna kiwingu, pembeni yuaona vyema. Tena asema mwimo wa mlango umepinda! Nikadhani ni mtoto wa jicho, daktari akasema la, ni retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, uzee. Picha ya jicho tushapiga na tushalipa. Sasa wataka na OCT. Ama twakamuliwa tu?

Fundi wa Skani
Hamkamuliwi, dadangu. Hizo skani ndizo kazi yangu. Picha ya kwanza ni kama kuitazama chapati kwa juu, waona madoa basi. OCT yakuonyesha matabaka yake bila kuikata. Hufanya kama ile ultrasaundi ya wajawazito, ila badala ya sauti hutumia mwanga. Retina nzima unene wake kama robo milimita, na bado yatenganisha tabaka na tabaka. Akina David Huang na James Fujimoto wa chuo cha MIT, Marekani, waliitangaza 1991.

Kwa mama twatafuta druseni, vijivimbe vya mafuta na protini chini ya retina, na maji. Maji yakiwapo hudungwa sindano jichoni, na kuchelewa ndiko kunakoua makula, kile kitovu cha retina cha kuonea katikati. Huo mwimo uliopinda sijaupenda. Mfunike jicho mojamoja atazame mistari ya vigae.

Mzee wa Likoni
Nasikia kuna mashine zaona hadi seli mojamoja?

Fundi wa Skani
Zipo, mzee wangu, nyingi ziko maabara. Wataalamu wa nyota walikuwa na kioo kinachojikunja, cha kunyoosha picha ya darubini inayovurugwa na hewa. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wakakigeuzia jicho, maana nalo lina mikunjo yake, wakaona koni, seli za retina zipokeazo mwanga, za mtu aliye hai. Leo wafuatilia koni zilizo juu ya druseni, wajue zaanza kufa lini. Mgonjwa mwenyewe huja kwetu akiwa keshapoteza nyingi.

Binti Mshona Kofia
Nimemfunika. La kulia mistari imenyooka. La kushoto asema vigae vya bafuni vyaogelea. Kesho alfajiri tuko mlangoni pa kliniki.