Tupeane uzoefu: mikutano ya kutetea watoto walio vizuizini Marekani

Binti Pwani (New York)
Ndugu zangu, jana jioni nilihudhuria mkesha wa mishumaa hapa Bronx, mmoja wa mikutano ya kila Oktoba ya kutetea watoto wanaofungwa, na tangu nirudi sijapata usingizi. Ilisomwa habari ya Kalief Browder, aliyekamatwa hapahapa Bronx mwaka 2010 akiwa na miaka 16 kwa tuhuma ya kuiba begi la mgongoni. Dhamana ilikuwa dola 3,000, familia ikashindwa kuilipa, naye akakaa katika jela ya Rikers Island miaka mitatu bila kesi kusikilizwa, karibu miwili kati yake akiwa amefungiwa peke yake. Mashtaka yalifutwa mwaka 2013, na Juni 2015 alijiua akiwa na miaka 22. Habari hiyo niliijua zamani, lakini safari hii niliisikia nikiwa nimeshika mkono wa mwanangu, ambaye naye ana miaka 16. Mliowahi kufika kwenye mikutano ya namna hii, naomba mtueleze yaliyowagusa.

Mzee wa Kasulu (Dayton)
Nakuelewa, binti yangu. Mkutano niliohudhuria mimi, niliondoka kabla haujaisha.

Mama Watatu (Louisville)
Nimesita kuandika, kwa sababu wengi hapa tunafahamiana tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mwaka juzi kanisa moja la jirani lilileta mfano wa chumba cha kifungo cha upweke, uliojengwa kwa mbao kwa vipimo vya chumba halisi, na watu wakaalikwa kuingia mmoja mmoja na kufungiwa kwa dakika tano. Niliingia nikidhani ni maonyesho tu. Mlango ulipofungwa niliona choo kiko hatua moja kutoka kitandani, nikasikia sauti zilizorekodiwa za milango ya chuma na za mtu anayelia, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwanangu wa kwanza hadi leo halali taa ikizimwa.

Alikuwa na miaka 15 alipopigana shuleni. Mwenzake, mtoto wa kizungu aliyeanzisha ugomvi, alichukuliwa na wazazi wake siku hiyohiyo; wangu alilala kizuizini siku 19. Nilipofika nilipewa karatasi nitie sahihi, na aliyenitafsiria alikuwa mdogo wake wa miaka 12, maana mkalimani wa Kiswahili hakuwepo. Nilitia sahihi kwa heshima, kama tulivyozoea kutii ofisi kambini, wala sikujua kwamba nimekubali ahojiwe bila wakili. Katika chumba kile cha mbao nilianza kugonga mlango hata dakika mbili hazijatimia. Aliyenifungulia, mama Mmarekani Mweusi wa rika langu, hakuniuliza kitu. Alinikumbatia, kisha akasema kuwa wa kwake alikaa miaka minne.

Kijana wa Columbus
Pole sana, mama yetu.

Baba Neema (Phoenix)
Pole, dada. Hata hivyo nitasema jambo ambalo wengi wanalifikiri: habari ya utumwa na ubaguzi ni ya Wamarekani Weusi, sisi tulikuja kutafuta amani, na mtoto aliyelelewa kwa adabu hana sababu ya kufikishwa mahakamani. Tukijiingiza katika mikutano hiyo tunahatarisha hata maombi yetu ya uraia.

Mkalimani (Columbus)
Baba Neema, kwa heshima yako, nimetafsiri katika mahakama za watoto kwa miaka tisa na sijawahi kuona askari akimuuliza mtoto kama ametoka Bukavu au Alabama kabla ya kumtia pingu. Idadi ya watoto walio vizuizini nchini humu imepungua kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 2000, lakini uwezekano wa mtoto Mweusi kufungwa bado ni zaidi ya mara nne ya ule wa mtoto wa kizungu. Wetu wanahesabiwa humo humo.

Mama Watatu (Louisville)
Mwanangu alikuwa kiongozi wa kwaya ya watoto. Habari ya malezi naomba uiache.

Baba Neema (Phoenix)
Kwa neno la malezi nimekukosea, dada, naomba radhi. La uraia bado nalisimamia.

Mwalimu (South Carolina)
Huku kwetu anayekumbukwa ni George Stinney, mtoto Mweusi wa miaka 14 aliyeuawa kwa kiti cha umeme Juni 1944. Kesi yake ilianza na kumalizika siku moja, mbele ya jopo la raia waamuzi, wazungu watupu, waliokaa faragha kama dakika kumi tu. Jaji alifuta hukumu hiyo Desemba 2014, miaka 70 baadaye. Kila ninapofika kwenye kumbukumbu yake huwafikiria ndugu zake, waliozeeka wakisubiri.

Mzee wa Kasulu (Dayton)
Nawashauri muwafundishe watoto wamjibu askari kwa unyenyekevu na kumweleza kila kitu. Mkweli haogopi.

Mkalimani (Columbus)
Shikamoo mzee, lakini hapo sikubaliani nawe. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Gault, mwaka 1967, mtoto ana haki ya kuwa na wakili na haki ya kutojitia hatiani. Aseme jina lake, aombe wakili na mzazi, kisha anyamaze. Unyenyekevu auweke kwenye sauti.

Mama Kakamega (Minneapolis)
Mimi wangu nilimpeleka kwa bibi yake amalizie shule huko, na sijutii.

Kijana wa Columbus
Si wote tuna kwetu pa kurudi, mama.

Binti Pwani (New York)
Mama Watatu, shikamoo. Je, uliwahi kurudi kwenye mikutano hiyo?

Mama Watatu (Louisville)
Marahaba, mwanangu. Naenda kila Oktoba, na mwaka huu kijana wangu amekubali kunisindikiza, ingawa amesema atakaa kiti cha karibu na mlango. Tatizo letu ni kwamba vipeperushi vyote viko kwa Kiingereza, na akina mama wenzangu hawavielewi.

Mkalimani (Columbus)
Nitumie leo, dada. Vitakuwa tayari kabla ya Jumapili.