Wanawake Tu: Harusi ya Saumu

Mamdogo Zuwena: Asalaam aleikum. Akdi Ijumaa ya wiki ijayo inshallah. Alhamisi asubuhi halawa ya kung'oa nywele, mchana singo la kusugua ngozi, usiku hina. Yule mama wa halawa wa Jang'ombe nshampa kianzio. Nani analeta ndimu za kupikia halawa?

Mamdogo Zuwena: Nyote mmesoma, naona alama za buluu. NDIMU?

Mama Salha: 🌹 Jumaa Mubarak kwa wote 🌹

Rukia: Waaleikum salaam mamdogo. Halawa na singo siku moja hapana. Ngozi ikishang'olewa nywele iko mbichi, ukiisugua na singo lenye karafuu itawaka moto. Mwari atakaa ukumbini mikono juu.

Shufaa: 😂😂 Kama Time

Time: Shufaa nakuona. Yangu yalitokana na wembe wa kuazima, na alieniazima yumo humu anasoma.

Shufaa: Mie sikutaja wembe.

Time: Na sinia la shaba pia hukutaja?

Mamdogo Zuwena: Jamaani sinia baadae! Rukia, basi lini?

Rukia: Jumatatu au Jumanne. Singo aanze leo, taratibu bila ya kukwaruza, litoe ngozi iliyokufa nywele zipate njia. Akishafanya halawa apumzike siku mbili tatu ndo asingwe tena. Saumu nywele zake za kujikunja. Unywele ukinyolewa unabaki na ncha kali, unajipinda unaingia tena ndani ya ngozi. Sisi tunadhani jipu, tunachokonoa kwa pini. Ndo yale madoa meusi.

Wifi Maryam: Kwani halawa haitoi vipele?

Rukia: Inatoa, unywele ukikatikia njiani usitoke na mzizi. Mwambieni huyo mama avute kule zinakolalia nywele. Na ziwe zimefika urefu wa punje ya mchele, zikiwa fupi halawa haishiki.

Saumu: Mamdogo mie nshanyoa juzi 🙈

Mamdogo Zuwena: Saumu!!!

Mamdogo Zuwena: Nani kakutuma?

Saumu: Joto hili mamdogo. Na vipele vishaanza kutoka kwapani.

Shufaa: Mwari keshajipikia mwenyewe 😂

Rukia: Basi halawa ya kwapa haipo tena, kufika Jumanne hazitokuwa zimeota vya kutosha. Saumu usivitumbue. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, vaa dera la pamba, hiyo blauzi ya nailoni iweke. Vikipona kabla ya Alhamisi na ukaona lazima unyoe: roweka kwanza kwa maji ya moto kiasi, paka povu, wembe mpya, fuata nywele zinakolalia, usiivute ngozi, usipitishe mara kumi pahala pamoja. Visipopona acha.

Time: Na wembe wako MWENYEWE.

Shufaa: Tumesikia Time.

Bibi Wete: Naandika mie Biubwa, bibi anatamka. Anasema Saumu asiguswe na wembe. Nguo ina mikono, hakuna anaekwenda ukumbini kumfunua mtoto wa watu kwapa. Siku arubaini tulizowekewa na dini za kunyoa hazijafika, anyoe nini tena? Asingwe mgongo na miguu, makwapa yaachwe. Na sinia la shaba ni lake yeye, lirejeshwe Wete kabla ya akdi.

Mamdogo Zuwena: Sawa mama.

Saumu: Nimesikia bibi 🙏

Shufaa: Ujumbe huu umefutwa

Mamdogo Zuwena: Haya, tuseme ukweli. Kianzio harudishi yule. Jumatatu saa 4 asubuhi kwangu, Saumu afanye miguu tu. Nani mwengine?

Wifi Maryam: Mie miguu. Ila nasikia anavuta kwa hasira?

Rukia: Mie Jumatatu nipo kazini hadi jioni.

Mamdogo Zuwena: Maryam nshakuandika. Mama Salha? Time?

Time: Nakuja akija na sinia.

Mamdogo Zuwena: Shufaa?

Mamdogo Zuwena: Shufaa naona upo hewani.