Naomba ushauri: sensa (kihisi) ya chumvi inashusha namba, Mto Pangani

Wakuu, sensa ya upitishaji umeme (chumvi ikizidi, maji hupitisha umeme zaidi) imefungwa nusu mita juu ya sakafu ya mto, maana maji ya bahari ni mazito na hupenya chini ya maji ya mto yasiyo na chumvi. Kipimo cha juu pekee hudanganya. Inarekodi kila dakika 10. Tatizo: namba zinashuka polepole hata wakati wa bamvua (maji makuu ya bahari), na elektrodi (ncha za kupimia) zikipigwa brashi laini zinapanda ghafla. Mwani na tope, bila shaka.

Tunarekebisha sensa kwa myeyusho wa kipimo kinachojulikana, 12.88 mS/cm (kizio cha upitishaji umeme), ilhali maji ya bahari hufika karibu 53 kwenye nyuzi 25. Tuongeze wa 50? Wavu wa shaba utazuia mwani bila kuvuruga usomaji? Na data zilizopotoka: zinyooshwe kwa mstari kati ya usafishaji mmoja na mwingine, au uchafu huongezeka kwa kasi isiyo sawa?