Msaada wakuu: injini gani ndogo ya dizeli inafaa kuchaji betri za nyumbani?

Mwanzisha uzi

Habari za jioni wakuu. Niko kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma. Umeme wa gridi haujafika, na kila kitu kinakuja kwa boti. Nina paneli mbili za wati 300 na betri nne za jeli za volti 12, Ah (ampea-saa) 200 kila moja, nimeziunga nikapata volti 24. Kiangazi hatuna shida: friji ndogo, taa, televisheni, simu za majirani. Shida inaanza Novemba. Mvua ikishika, mawingu yanakaa siku tatu nne mfululizo. Msimu uliopita inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri utumike nyumbani, ilikuwa inalia kila usiku saa nane kwa chaji kuisha, nami nikawa naamka kuizima. Betri moja sasa haishiki chaji kama zile nyingine.

Halafu wavuvi wa dagaa wananiomba niwachajie betri za taa zao, hasa usiku wa giza ambapo mwezi haupo na boti zote zinaingia ziwani.

Mjini nimeonyeshwa injini za dizeli za kupozwa kwa maji, S195 ya hp (nguvu za farasi) 12, R175A ya hp 6, na jenereta ya dizeli ya kupozwa kwa hewa. Muuzaji anasema nichukue kubwa, haitanisumbua. Hela ya kununua moja ninayo, ya kukosea sina. Naombeni ushauri.

Fundi wa mashine za kusaga, Mbozi

Mkuu, S195 naifahamu nje ndani, nimeifungua mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kwa kusaga mahindi ni mashine ya uhakika. Kwa kazi yako, hapana. Kwanza uzito: inapita kilo 130, fikiria kuishusha kwenye boti ufukweni bila gati. Pili, na hili ndilo kubwa, itakuwa inazunguka bila kazi. Injini ya dizeli ikipewa mzigo mdogo muda mrefu haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote. Nozeli inayonyunyiza mafuta inaota masizi, ringi zinaganda, ekzosi inaanza kutema uji mweusi kama lami. Nimeletewa moja hivyo, mwenyewe aliitumia kuwasha taa za duka tu. Pistoni ilikuwa imevaa koti la kaboni.

Anza na betri. Uliza zinataka ampea ngapi, ndipo uchague injini.

Mwanzisha uzi

Asante fundi. Kwenye lebo ya betri sioni ampea za kuchaji, imeandikwa volti tu, 14.1 mpaka 14.4. Nitazijuaje?

Fundi umeme, Kigoma mjini

Kaka, betri za risasi, jeli zikiwemo, zipe kama sehemu moja ya kumi ya Ah zake. Wewe una mbili mbili zilizoungwa, yaani volti 24, Ah 400. Basi ampea 40 zinatosha. Ampea 40 kwa volti 28 ni kama wati 1,100. Alteneta ya gari, yaani mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na injini kwa mkanda, inapoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa, na mkanda nao unakula kidogo. Kwa hiyo kwenye shafti ya injini unahitaji kama kilowati 2.2, ambazo ni hp 3 tu.

Sasa angalia. R175A inatoa hp 6 ikizunguka 2600 kwa dakika. Ukiiendesha 2000 inabaki na hp nne na nusu hivi, na mzigo wako unakula kama theluthi mbili yake. Hapo ndipo dizeli inapopenda kufanya kazi. S195 kwa mzigo huohuo ingekuwa kwenye robo.

Alteneta tafuta ya volti 24 ya lori, hata iliyotumika, mradi rigyuleta ya kudhibiti volti iwe ndani yake, ile mafundi wengi wanaiita katauti. Puli ya injini ikiwa milimita 150 na ya alteneta 70, injini kwenye 2000 itaizungusha alteneta zaidi ya 4,200. Vizuri sana. Tumia puli ya mikanda miwili, mmoja utateleza na kuungua.

Ila hiyo lebo yako ni ya kuzingatia. Mara mbili ya 14.1 ni 28.2, na ya 14.4 ni 28.8. Pima alteneta kwa mita kabla hujaiunga. Ikizidi 28.8, betri ya jeli itaota mapovu ndani ambayo hayatoki tena, na huenda ile yako moja imeharibika kwa sababu kama hiyo. Au kwa kushushwa mno usiku. Itoe kwenye kundi uipime peke yake, maana betri mbovu inazivuta wenzie chini.

Mchangiaji kutoka Mafia

Mimi napingana kidogo. Jenereta ya kupozwa kwa hewa pamoja na chaja nzuri ya volti 24 inachaji kwa hatua, inapunguza yenyewe betri zikikaribia kujaa, na siku fundi akija na mashine ya kuchomelea una umeme. Kelele ni kubwa kweli, inazunguka 3000. Lakini huhangaiki na puli.

Fundi wa mashine za kusaga, Mbozi

Hoja yako ya chaja naikubali. Lakini jenereta ya kilowati 5 ikilisha chaja ya wati 1,300 tunarudi kwenye ugonjwa uleule wa mzigo mdogo. Na kwa kijijini, injini ya kupozwa kwa maji iliyolala, kama R175A, inafunguliwa na spana nne. Maji ya hopa, lile tangi la juu ya injini, yakichemka unaongeza na kopo, kazi inaendelea.

Mzee wa Lister

Vijana wangu, nimesoma yote. Mimi nimelelewa na mlio wa injini ya Lister ya silinda moja, hp 6 kwa mizunguko 650 tu, ya Dursley kule Uingereza. Siku hizi zinatengenezwa za kuiga Rajkot, India. Kwa kudumu sijaona mfano wake. Lakini inataka msingi wa zege na uzito wake hauna masihara, kwa hiyo kwa mwanangu wa ziwani siisemei.

Nilichotaka kusema ni hendeli. Ukiwasha injini ya kuzungusha kwa mkono, kidole gumba kiweke upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie mpini. Mashine ikirudi nyuma hendeli inakuponyoka bila kukuvunja. Shika wenzo wa kuachia kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) kwa mkono wa kushoto, zungusha mpaka flaiwili, lile gurudumu zito, iwe nzito kwa kasi yake yenyewe, ndipo uuachie. Na ncha ya hendeli ipake grisi kila wiki. Ikiota kutu haitoki injini ikishika, nayo ikizunguka na injini ni hatari. Mimi mkono huu wa kulia haunyooki mpaka leo.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee. Pole sana, na asante, hili nisingeambiwa dukani. Je, itakula dizeli kiasi gani? Huku tunainunua kwa dumu.

Fundi umeme, Kigoma mjini

Kwa mzigo huo hesabu lita 0.8 kwa saa. Usiiache injini iendelee kuzunguka mpaka betri zijae kabisa, hilo ndilo kosa linalomaliza mafuta. Kutoka nusu mpaka asilimia 80 zinapokea vizuri: ni Ah 120, kama saa tatu, lita mbili na nusu hivi. Baada ya hapo zinakataa ampea, injini inabaki inapiga kelele bure. Asilimia 20 ya mwisho waachie paneli, hata siku ya mawingu zinatoa kidogo. Washa asubuhi ili paneli zimalizie mchana.

Betri za wavuvi ni za volti 12, usiziunge kwenye mfumo wako. Weka alteneta ya pili ya volti 12 upande wa pili wa flaiwili. Zikifanya kazi zote mbili, pandisha mzunguko mpaka 2300 hivi. Zichajie kibandani, hewa ipite, maana betri za maji zinatoa gesi inayolipuka kwa cheche. Na ekzosi itazame mbali na dirisha la chumba cha kulala.

Mwanzisha uzi

Basi nachukua R175A, boti ya wiki ijayo. Kutoka kibandani mpaka kwenye betri ni mita nne. Waya upi?

Fundi umeme, Kigoma mjini

Wa shaba, milimita za mraba 25. Wa milimita za mraba 10 utakunyang'anya zaidi ya nusu volti kwenye ampea 40, na kwa jeli nusu volti ni nyingi. Fyuzi ya ampea 60 iwe karibu na betri, waya ukichunika katikati usiunguze kibanda. Ukishafunga, tupe volti ulizopima kwenye betri injini ikiwa inazunguka.